Sindano ya Pili ya Muyuni

Wenzangu mliobaki kazini mliniomba niandike machache kabla sijasahau, na mmoja wenu akashauri nianze na vyeo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, faili limo kabatini, na ufunguo wa kabati nimekwisha kuurudisha. Hapa nitaandika jambo ambalo halimo kwenye faili lolote: ratiba ya chanjo ya watoto watatu wa mbwa wa Muyuni, na jinsi nilivyoiharibu kwa mkono wangu mwenyewe, mkono ambao kila mtu aliusifu kwa hati nzuri.

Hati hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana wa Mkunazini mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, na niliposikia kliniki ya wanyama inatafuta mtu wa kuandika kadi, nilijiona nimekaa juu ya kiti, wino mbele yangu, na wanyama wako mbali huko nje na watu wao. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Kliniki ilikuwa nje kidogo ya mji, ukishika njia ya Chukwani, nyumba ndefu ya bati yenye baraza ya saruji. Aliyenipokea alikuwa msaidizi mkuu wa Daktari, mtu mwembamba aliyekaribia miaka hamsini na mitano, ambaye sote tulimwita Mzee Khatibu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akaitazama kanzu yangu juu mpaka chini. "Kanzu nzuri. Unayo nyengine?"

"Ninayo."

"Basi hii kaivue. Pale ukutani pana koti."

Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimepiga magoti barazani, nimekumbatia shingo ya jibwa jeusi la Mzungu mmoja, na jibwa linanilamba sikio. Sikuwa nimewahi kugusa mbwa maishani mwangu. Kwetu mbwa alipita njia yake nasi tukapita yetu, na mate yake ukiyagusa una kazi ya kujitoharisha. Mzee Khatibu alichoma sindano, akatoa, akalipiga jibwa kofi dogo la mgongoni, kisha akaniona nimebaki pale pale nimekauka, sijui niweke wapi mikono yangu.

Alinishika kiwiko akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na pipa la maji, kata, na kopo kubwa la maziwa ya unga ambalo ndani yake mlikuwa na udongo mkavu, laini, uliochekechwa. Akaninawisha yeye mwenyewe. Maji mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani. Alipomaliza akanimiminia dawa ya kuulia vijidudu mpaka nikapiga chafya.

"Ile ya kwanza ya sheria," akasema. "Hii ya pili ya Daktari. Usiache hata moja, wala usimwambie yeyote kati yao kwamba ya mwenziwe ingetosha."

Udongo ule aliuchekecha mwenyewe kila wiki na kuuanika juani. Baadaye nilijua kuwa alikuwa ameanza kazi pale bila mtu wa kumnawisha, na kwamba aliapa asije kijana mwengine akasimama peke yake nyuma ya nyumba na mikono mitupu hewani. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama alinipokea mlangoni na ndoo, na kwa mwaka mzima ndoo ilitangulia salamu.

Nyinyi mmezikuta sindano za kutupa. Sisi tulikuwa na mabomba ya sindano ya kioo, moja kubwa na mawili madogo, na sindano za chuma ambazo tulizichemsha juu ya stovu. Mzee Khatibu alizinoa kwa jiwe dogo alilolihifadhi ndani ya kitambaa cha hariri, sijui alikipata wapi. Akishanoa huipitisha ncha kwenye pamba. Ikinasa uzi mmoja tu, inarudi kwenye jiwe. Nilimwambia siku moja kwamba mbwa hatojua tofauti. Akachukua ile iliyonasa akanipa nijichome kidole, kisha akanipa ile nyengine. Sikuuliza tena.

Chanjo ilikuja kwa meli, unga mkavu ndani ya vichupa, na ilitaka baridi. Tukisafiri tuliibeba ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, na Mzee Khatibu aliipakata chupa ile njia nzima. Na palikuwa na daftari. Hilo halikuwa la ofisi, lilikuwa lake, la jalada jekundu. Kila mtoto wa mbwa aliyechanjwa aliandikwa humo: umri, siku, na swali moja ambalo halikuwamo kwenye kadi za serikali. Swali lenyewe lilikuwa hili: mama yake amewahi kuugua?

Niliona ni udadisi tu, mpaka nilipomuuliza, naye akanieleza tukiwa tunasubiri maji yachemke. Maradhi yenyewe tuliyaita homa ya mbwa. Mbwa huanza kwa machozi na makamasi, kisha huharisha, na mwisho taya hutafuna hewa na miguu hutetemeka, hapo mwenye mbwa huanza kukutazama wewe usoni. Karatasi iliyokuja na chanjo ilisema mtoto apigwe sindano moja, kisha mwakani arudie. Lakini katika daftari lake Mzee Khatibu aliona jambo. Watoto wa mama aliyewahi kuugua akapona, wakichanjwa wangali wadogo sana, baadaye maradhi yakipita huwachukua, kama kwamba hawakuchanjwa.

"Mama aliyepona anampa mwanawe kinga ndani ya maziwa," akasema. "Kinga ile inamlinda, lakini haichagui. Chanjo yetu ikiingia, inaipiga na hiyo. Halafu mtoto anaacha kunyonya, kinga ya mama inakwisha. Ikishakwisha, anabaki hana ya mama wala hana yetu."

"Sasa tufanye nini?"

"Tunarudia. Akitimiza miezi mitatu, si kabla sana, wala si baada sana. Hapo mlango uko wazi, na atakayewahi kuingia ndiye mwenye nyumba. Ama sisi, ama maradhi."

Daktari, Mwingereza mpole aliyependa farasi kuliko viumbe vyote, alilikagua daftari lile akasema karatasi ya chanjo haisemi hivyo. Mzee Khatibu akajibu, "Ndiyo, bwana, karatasi haijafika Unguja." Daktari alicheka, na tangu siku ile akamwachia apange sindano ya pili atakavyo. Mtu aliyesoma chuoni tu na shule miaka michache alikuwa amekaa na kalamu ya risasi akaona kitu ambacho waliotengeneza chanjo walikuwa bado hawajatuandikia. Mpaka leo nikilikumbuka daftari lile huona fahari, ingawa halikuwa langu.

Sasa Muyuni. Mwaka ule homa ya mbwa ilipita kusini na kuwamaliza mbwa wa wasasi. Huko mbwa ni kazi. Nguruwe wa mwituni wakishuka kwenye muhogo, shamba la mwaka mzima huliwa kwa siku mbili, na bila mbwa msasi ni mtu aliyebeba mkuki tu. Kijiji kizima kilibakiwa na mbwa mmoja jike, aliyeugua akapona, mali ya Mzee Vuai. Huyu alikuwa msasi mzee ambaye magoti yalikwisha kumstaafisha, akiishi peke yake, na mbwa yule ndiye aliyekuwa mwenziwe wa kukaa naye kizingitini. Jina lake mbwa lilikuwa Hayawahusu. Majirani walikuwa wakimsema kwa kuongea na mbwa, basi akampa jina la kuwajibu, na kila akimwita wao ndio waliosikia. Sasa Hayawahusu alikuwa amezaa watoto watatu, na kijiji kilichokuwa kikimsema kilianza kumletea samaki.

Tulikwenda huko mwanzoni mwa Shaaban, kwa gari la shamba, watoto wakiwa na wiki sita. Mzee Vuai alitukaribisha kwa madafu. Lugha yake ilikuwa Kimakunduchi, nami naiandika hapa kwa Kiunguja, kwa kuwa nikijaribu kuiiga wenyewe watanicheka. Mzee Khatibu alimuuliza habari ya mama, akaandika kwenye daftari, akawachanja watoto mmoja mmoja nami nimewashika. Walikuwa madume mawili manene na jike moja dogo lenye sikio lililokunjika.

"Majina yao?" niliuliza, kalamu mkononi.

"Bado," Mzee Vuai akasema. "Mwaka huu nshazika wengi wenye majina. Hawa watapata wakimaliza sindano."

"Ya pili wakitimiza miezi mitatu," Mzee Khatibu akamwambia, akanionyesha mimi. "Bwana Masoud atakuandikia kadi akuletee kwa dereva."

Kesho yake Mzee Khatibu alitumwa kaskazini, Mkokotoni na Tumbatu, kuchanja ng'ombe, kazi ya wiki nyingi. Akaniachia kadi zote. Ilikuwa mara ya kwanza kuaminiwa hivyo, na nilikaa mezani kwa mbwembwe, nimechonga kalamu mbili. Nikahesabu: wiki sita tangu mwanzo wa Shaaban. Ikaangukia katikati ya Ramadhani.

Hapo nilisita. Nikajiona nateremka kwenye gari kijijini mchana wa Ramadhani, watu wamekauka midomo, wanatoka msikitini, nami nawaambia njooni mshike mbwa. Nikamwona Mzee Vuai ananawa mara saba na koo limekauka. Nikaona si adabu. Na niseme ukweli, kwa kuwa sasa sina wa kumwogopa: nilijiona na mimi mwenyewe. Nilijua vizuri kwamba kumgusa mbwa hakufunguzi. Lakini kujua ni kichwani, na mwili wangu ulikuwa bado ule wa Mkunazini. Nikachukua kalamu, na kwa hati yangu nzuri kuliko zote nikaandika: "Sindano ya pili, baada ya Idi." Chini yake nikaweka tarehe, nikaipuliza kadi ikauke. Nilijiona nimefanya jambo la mtu mwenye dini na tabia njema.

Dereva alirudi na salamu. "Mzee Vuai anauliza, mbona mbali? Mwenzio kasema miezi mitatu."

"Mwambie hakuna neno," nikajibu. "Ni siku chache tu."

Mzee Khatibu alirudi kumi la mwisho la Ramadhani, asubuhi, amekonda, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Masika ya mwaka ule yalikuwa hayana huruma. Hakukaa. Alifungua daftari lake jekundu, akaenda na kidole mpaka mstari wa Muyuni, akakuta ni mtupu.

"Muyuni ulikwenda lini?"

"Bado, Mzee. Nimewaandikia baada ya Idi."

"Kwa nini?"

"Ramadhani. Nimeona si vizuri kuwaendea na mambo ya mbwa, nao wamefunga."

"Wao wamesema hivyo?"

"Hapana."

"Wewe uliwauliza?"

Mzee Khatibu akafunga daftari. "Nenda kachukue barafu," akasema.

Tulipata gari la saa nne. Kabla ya Muyuni likazama kwenye tope mpaka vyuma, dereva akazima injini akashuka kulitazama, na ilikuwa wazi kwamba litatazamwa mpaka magharibi. Mzee Khatibu akashuka, akakunja suruali, akaiweka chupa ya barafu chini ya koti lake ili jua likitoka lisiipate, akaanza kutembea. Nilikuwa nusu ya umri wake na sikuweza kumfikia. Alikuwa amefunga, ametoka safari ya wiki saba, na wala hakuwa yeye aliyekosea. Mara moja tu aligeuka, akaniuliza kama nimekumbuka pamba.

Mzee Vuai alikuwa amekaa kizingitini. Hayawahusu alinyanyuka akatikisa mkia, mzima. Mzee hakunyanyuka.

"Mmoja nimemzika jana," akasema. "Mwengine yuko ndani. Wasasi wa kijiji cha pili walikuja na mbwa wao kunusa njia za nguruwe tu, maana wamefunga, hawasaki, na mbwa wao anakohoa. Nilimfukuza, lakini alikwisha pita."

"Na wa tatu?" Mzee Khatibu akauliza.

"Nimemtenga. Nilipoona mwenziwe anatoa machozi, nimempeleka kule mwisho wa uwanja, nimemfunikia dema. Chakula nampelekea kwanza yeye, halafu ndio naingia kwa mgonjwa."

Mzee Khatibu alimtazama kwa heshima kubwa. "Nani kakufundisha?"

"Nani anifundishe? Nimezika mbwa wangapi mwaka huu?"

Tukaanza kwa yule mzima. Chini ya dema la zamani la kuvulia samaki alikuwamo yule jike mwenye sikio lililokunjika, amechafuka na ana hasira. Macho makavu, pua baridi. Mzee Khatibu alimpima joto, akasubiri, akapima tena. Kisha akanitazama. "Mshike."

Nikamshika. Akanilamba mkono wote mpaka kiwiko, na sijui kwa nini, lakini hapo ndipo machozi yalipotaka kunitoka. Sindano ikaingia kwa ncha iliyopita kwenye pamba, mtoto wa mbwa hata hakupiga kelele.

"Kama maradhi hayakumwingia kabla yetu, huyu ni wako," Mzee Khatibu akamwambia Mzee Vuai. "Kama yamemwingia, utaona dalili baada ya siku kumi, kumi na nne. Siwezi kukuahidi."

Kisha tukaingia kwa mgonjwa. Sitaandika mengi. Taya lilikuwa linatafuna hewa. Mzee Khatibu alikaa chini sakafuni, akamfuta macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu, taratibu, jicho moja kisha la pili, mpaka yakafunguka. Akamwambia Mzee Vuai kwamba huyu hatutampata. Mzee Vuai akaitikia kwa kichwa. Alikufa siku iliyofuata.

Nilipotoka nje nilimwendea Mzee Vuai. Nilitaka kusema yote, nikasema nusu.

"Mzee, unisamehe. Niliogopa kukusumbua na mbwa, nawe umefunga."

Hakukasirika, na laiti angekasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kufahamu nilichosema. "Mwanangu," akasema, "mimi nnawalisha kila siku. Wao hawafungi."

Akanipeleka nyuma ya nyumba nikanawe. Na pale, pembeni ya mtungi, chini ya kipande cha bati ili mvua isiingie, kulikuwa na chungu kilichojaa udongo mkavu, laini, uliochekechwa. Ulikuwa mzuri kuliko wa kliniki. Mtu huyu alikuwa akinawa mara saba kila siku ya Mungu tangu kabla sijazaliwa, Ramadhani na isiyo Ramadhani, na bado alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Mimi, niliyefundishwa kunawa mwaka mmoja tu nyuma, nilikaa mezani mjini nikamtungia ratiba ya kumlindia saumu yake. Niliona haya ambayo sijaiona tena mpaka leo, na nimefanya makosa mengine mengi.

Tulifuturu kwake, kwa uji na muhogo wa nazi. Alituomba radhi kwa udogo wa mihogo, akasema mikubwa imeliwa na nguruwe.

Siku zile kumi na nne ndizo ndefu kuliko zote nilizopata kuhesabu. Idi ilikuja katikati yake. Watoto wa mji mzima walikuwa Mnazi Mmoja kwenye pembea na nguo mpya, mama kanipikia biriani, nami nimekaa nayo mbele yangu namfikiria mbwa. Mama aliniuliza nani kafa. Nikamwambia bado hatujui. Niliporudi kutoka kazini mara iliyofuata, ndoo haikuwapo mlangoni, wala haikuwapo tena baada ya hapo, ingawa hatukuwahi kulizungumza.

Kazini Mzee Khatibu hakunisema hata neno moja, na hilo liliniumiza zaidi. Nilidhani anangoja matokeo ndipo amwambie Daktari. Basi siku moja alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, daftari jekundu likiwa wazi mezani, nilifanya jambo lisilo adabu, nikalisoma. Kwenye mstari wa Muyuni alikuwa ameandika kwa kalamu yake ya risasi: "Sindano ya pili imechelewa siku kumi. Wawili wamekufa. Kosa langu. Nilimfundisha kijana kuhesabu siku, sikumfundisha kuuliza wenyewe." Na Daktari alikwisha lisoma, kwani chini yake palikuwa na alama yake ya wino mwekundu.

Nilimfuata nje nikamwambia, "Mzee, kosa lile ni langu, si lako."

"Lako tutaligawana," akajibu. "Umekumbuka kunoa sindano?"

Kisha, siku zile kumi na nne zikiwa zimekwisha, ikafika siku yenyewe iliyoandikwa kwenye kadi. Saa tatu asubuhi nilimwona Mzee Vuai anapanda baraza ya kliniki polepole kwa magoti yake yale, kikapu cha ukindu begani, kadi yangu mkononi. Alikuwa amesafiri kutoka Muyuni kwa gari la shamba, amekaa juu ya mizigo. Aliweka kikapu chini, na sikio moja lililokunjika likachomoza.

"Kadi imesema leo," akasema. "Na mimi mtu wa kutii kadi."

Mzee Khatibu alimkagua mtoto wa mbwa kuanzia pua mpaka mkia, macho, ufizi, nyayo. Alimweka chini amtazame anavyotembea. Mtoto wa mbwa alitembea, akauona mguu wa meza, akaukojolea. Mzee Khatibu akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu arudi kutoka Tumbatu. "Mzima," akasema. "Amekwisha maliza sindano zake. Sasa mpe jina, Masoud aandike."

Nikachukua kalamu. Mzee Vuai alinitazama, na macho yake yalikuwa yanacheka, lakini si yote.

"Andika Baada ya Idi."

Nilidhani anazungumzia tarehe. "Hapana, Mzee, jina."

"Ndio jina. Huyu anaitwa Baada ya Idi. Mama yake nimempa jina la majirani. Huyu nampa jina lako."

Kliniki nzima ilicheka mpaka Daktari akatoka ofisini kuuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka na yeye. Mimi nilikuwa nimewaka masikio. Nikataka kuandika kwa mkato, herufi mbili tu na nukta. Mzee Khatibu aliinama juu ya bega langu.

"Liandike lote," akasema.

Nikaliandika lote, kwa hati nzuri.

Ikabaki ratiba ya mwaka kwa mwaka, kwani kinga huchoka, na mbwa wa kazi alitakiwa kuchanjwa tena kila baada ya mwaka. Jirani zake Mzee Vuai walikuwa wameanza kupata watoto wa mbwa kutoka vijiji vyengine, na wao pia walitaka kadi. Mzee Khatibu alinisogezea daftari. "Muyuni ni yako," akasema. "Chagua siku." Alisema vile vile kama mara ya kwanza, kwa sauti ile ile, kama kwamba kati yake hapakupita kitu. Nimeongoza watu wengi baada ya hapo, na sijui kama nimewahi kuweza kufanya hivyo kwa mtu aliyeniangusha.

Safari hii nilikwenda kwanza kuuliza. Nilikaa na wasasi kwenye baraza yao, nikawauliza ni lini wako nyumbani wote, na mbwa wao wako nyumbani wote. Walitazamana, wakajibu kwa pamoja: Ramadhani. Mtu aliyefunga hawezi kumkimbiza nguruwe, kwa hivyo mwezi mzima mbwa wamelala vivulini. Nikarudi na jibu hilo mjini, Mzee Khatibu akalipima kwenye kalenda mbili. Akaniambia limefaa kuliko alivyotarajia, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi na moja kuliko wa ofisini, basi sindano itawahi kila mwaka na haitochelewa kamwe.

Tukaandika hivyo: Muyuni, kila Ramadhani, kumi la mwisho. Nilikwenda mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, nimefunga, na chupa ya barafu mapajani. Mzee Khatibu alikwisha staafu, akafariki, Mungu amrehemu, na lile jiwe la kunolea aliniachia mimi, ndani ya kitambaa chake cha hariri. Baada ya Idi alikuwa mbwa mkubwa, hodari, mama wa nusu ya mbwa wa kusini, na kila mwaka Mzee Vuai alihakikisha yeye ndiye wa kwanza kuchanjwa. Watu wamejaa uwanjani, jua la saa saba, koo zimekauka, naye anasimama kwenye kizingiti chake analiita jina lile kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. Na kila mwaka, kabla mbwa hajageuza hata sikio, mimi nilikuwa nimekwisha kuitika, "Naam."